Miaka Yangu Nikiwa Bi Kinyongo

Rehema, na ninyi wengine mtakaoingia kwenye lile kabati baada yangu, Otmari ameniomba niwaandikie kazi ilivyokuwa. Daktari wa koo amenikataza kufoka, na mtu aliyekatazwa kufoka hana cha kufanya zaidi ya kunywa maji ya uvuguvugu na kuandika. Habari za vyeo nitaziruka. Nilianza nikiwa Bi Kinyongo na nimestaafu nikiwa Bi Kinyongo. Habari za malipo nazo nitaziruka, si ndefu.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kushika simu ya mjukuu wake: Bi Kinyongo ni bibi mwenye duka katika mfululizo wa gemu za simu uitwao Taji la Matope, zinazotengenezwa hapa hapa Ifakara. Shujaa wa gemu ni msichana aitwaye Tunu, anayemsaka mchawi aliyeizamisha nchi kwa mafuriko. Kila mara, kabla hajaingia bwawani, lazima apite dukani kwa Bi Kinyongo kununua ngao, dawa na mishale. Bi Kinyongo anamuuzia. Kumkaribisha, hajawahi. Tunu ameikomboa nchi yote mara kadhaa sasa, na bibi bado anamwambia afute miguu.

Mimi kabla ya hapo nilikuwa mwalimu wa chekechea. Nimefundisha watoto wa mji huu kuimba, kunawa mikono na kutokula chaki. Kwenye kwaya nilisimama safu ya nyuma. Jirani akichukua ndoo yangu bila kuomba, mimi ndiye niliyekwenda kumwomba radhi kwa kuihitaji.

Otmari alipita mikononi mwangu akiwa na kamasi. Alirudi kutoka Dar es Salaam na kompyuta mbili na wazo kwamba bonde letu, lenye mpunga na mbu wa kutosha, lingeweza pia kutoa gemu. Alikuja nyumbani akiwa amechomekea shati.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Mwalimu, nina nafasi ya malkia. Nimemtafuta malkia kila mahali. Sauti yako ndiyo yenyewe."

Nikashonesha gauni. Fikirieni, gauni, kwa kazi ya kusikika tu. Nilipofika studio nikaambiwa umalkia umeshachukuliwa na binti mmoja wa Dar aliyewahi kutangaza redioni. "Ila imebaki nafasi ya bibi wa dukani," Otmari akasema akitazama viatu vyake. "Ana maneno machache tu." Maneno machache hayo ndiyo yaliyolimaliza koo langu.

Studio ilikuwa chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga, ukuta mmoja na mashine ya kukoboa mpunga. Umeme ukiwepo mashine ilinguruma mchana kutwa na hakuna neno lililorekodika. Umeme ukikatika mashine ilinyamaza, lakini kompyuta nazo zilizima. Otmari akatafuta betri ya sola. Tangu siku hiyo nadhani tulikuwa watu pekee katika wilaya nzima tulioshangilia umeme ukikatika. Tulirekodia ndani ya kabati la nguo lililozungushiwa magodoro, mlango umefungwa, kwa joto la Ifakara mnalolijua. Ninyi mna kile kifeni kisicho na sauti. Mungu awabariki. Msiniambie kuna joto.

Maneno yangu ya kwanza kazini yalikuwa haya: "Ondoa mikono yako michafu kwenye ngao zangu!" Niliyasoma. Otmari akafungua mlango wa kabati.

"Mwalimu, umesoma kama unawaita watoto kwenye uji."

"Samahani."

"Hapa umekasirika."

"Nani kanikosea?"

"Hakuna aliyekukosea."

"Sasa nimekasirikia nini?"

Otmari akamtazama Zuhura, binti kutoka Lupiro anayeandika maneno ya wahusika wote. Zuhura ana macho ya mtu anayesubiri umalize ili akusahihishe. Akasema, "Mwalimu, hakukasirika kwa sababu ya kitu. Ndivyo alivyo."

Tukarudia mpaka umeme ukarudi, mashine ikaanza, nami nikaokolewa. Nilikwenda nyumbani nikilia kidogo kwenye mtandio. Nilikuwa nimesoma masomo kanisani miaka yote ile bila kukosea jina la nabii hata mmoja, na leo ngao zimenishinda.

Kesho yake nikaenda sokoni kwa Skolastika.

Skolastika alikuwa muuza samaki, na alikuwa mtu mkali kuliko wote niliowahi kukutana nao, pamoja na wakaguzi wa shule. Kambale na perege wake walikuwa wazuri, ndiyo sababu watu walivumilia. Wapo waliozunguka soko zima wakajaribu kwingine, kisha wakarudi kwake wameinamisha vichwa, kama wanaokwenda kuchomwa sindano.

"Shikamoo, dada Skola."

"Marahaba. Unanunua au unasalimia?"

"Nimekuja kuomba unifundishe kugombana."

Hakuacha kupara samaki. Nikamweleza habari ya gemu, duka, ngao na mchawi. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo huyo bibi ana duka," akasema.

"Ndiyo."

"Na huyo msichana kila siku anakuja kushikashika vitu."

"Ndiyo."

"Basi sioni ubaya wa huyo bibi. Kaa hapo. Usiguse samaki."

Nilikaa pale asubuhi nyingi, juu ya ndoo iliyogeuzwa, na niliyojifunza ndiyo yote ninayoweza kuwaachia. Kwanza, mkali hapigi kelele. Mteja mmoja alimfokea Skolastika kwamba samaki wamelala. Yeye akashusha sauti mpaka yule bwana akalazimika kuinama ili asikie: "Wamelala, ndiyo. Ulitaka wakusimamie?" Akaniambia baadaye, "Ukipiga kelele anasikia kelele. Mimi nataka asikie maneno."

Pili, mikono isisimame. Mtu anayeacha kazi ili akasirike anaonekana ameumizwa, na ukionekana umeumizwa umekwisha. Ndiyo maana nilianza kuingia kabatini na bakuli la vitunguu saumu na kisu butu. Kumenya vitunguu saumu hakuna sauti, maiki haisikii, na vidole vinakuwa na kazi. Yule malkia wa Dar aliyerekodi baada yangu alilalamika kwamba anatawala nchi yenye harufu ya pilau. Nilimpa pole.

Tatu, usimtukane mtu kwa alichozaliwa nacho. "Mfupi hawezi kurefuka," alisema Skolastika, "utamsema mpaka lini? Mseme kwa ujinga. Ujinga anaweza kuuacha akitaka."

Niliporudi kabatini, nikamenya kitunguu kimoja, nikasema kwa sauti ya chini, bila haraka, "Ondoa mikono yako michafu kwenye ngao zangu." Otmari hakufungua mlango. Nilipotoka nilimkuta ameiweka mikono yake mfukoni.

Gemu ya kwanza ilipotoka, watu hawakumzungumzia malkia. Vijana walikuwa wanaingia dukani kwa Bi Kinyongo bila haja ya kununua chochote, ili watukanwe tu. Nilipita stendi nikasikia kondakta akimwambia abiria, "Wamelala, ndiyo. Ulitaka wakusimamie?" kwa sababu Zuhura alikuwa ameliingiza neno hilo pia, safari hii kuhusu farasi. Nikampelekea Skolastika simu asikie. Akasikiliza, akairudisha ikiwa na magamba.

"Mwisho pale umeharakisha," akasema.

Ikaja gemu ya pili, ikaja ya tatu. Kazi ngumu katika hizo hazikuwa maneno, zilikuwa milio. Bi Kinyongo alianza kushambuliwa na majini, na kila pigo lina mlio wake: wa kupigwa fimbo, wa kuungua, wa kuanguka mtoni, wa kukanyagwa na kiboko. Siku ya milio hiyo umeme ulikatika asubuhi na mapema, mtaa mzima kimya, nami nikapigwa na kuchomwa ndani ya kabati mpaka balozi wa nyumba kumi akavunja mlango wa nje akiwa na wanaume wawili na jembe. Wakamkuta Otmari amevaa hedifoni, anasema, "Vizuri sana, Mwalimu, sasa ya kukanyagwa." Ilichukua muda kumweleza balozi. Sidhani kama mpaka leo ameamini.

Sasa niseme habari ya Brayan.

Kabla ya gemu ya nne, kampuni moja kubwa ya mjini iliamua kuisaidia studio yetu. Bila msaada huo, Otmari alituambia wazi, tungefunga, yeye angerudi kijijini Mbingu kulima mpunga wa baba yake na Zuhura angekwenda kutafuta kazi ya ukarani. Kampuni ikatutumia mshauri, kijana nadhifu aitwaye Brayan, aliyekuwa anatembea Ifakara kwa viatu vyeupe wakati wa masika. Mlijue hilo kwanza, litawasaidia kuelewa mengine.

Brayan alikuwa na swali kuhusu Bi Kinyongo. "Kwa nini ana hasira?"

Zuhura akasema, "Ndivyo alivyo."

"Hapana. Mchezaji anataka kujua. Kila mtu mkali ana jeraha ndani. Tumpe jeraha."

Wakampa. Katika gemu ya nne ingejulikana kwamba Bi Kinyongo alifiwa na binti yake katika mafuriko ya mchawi, ndiyo maana amekuwa vile. Mwishoni Tunu anamkumbatia, bibi analia, anaomba msamaha kwa maneno yake yote makali, na anafia mikononi mwa Tunu. Zuhura aliandika hayo yote bila kuinua uso.

Wakati huo Skolastika alikuwa ameacha soko. Miguu ilimvimba, akahamia ng'ambo ya mto, Lupiro, kwa binti yake. Nikapanda bodaboda nikavuka daraja kwenda kumwona. Nilimkuta kitandani, mlango wazi, anamwelekeza binti yake namna ya kukoroga uji ulioko nje ambao yeye hauoni.

Nikamweleza habari ya jeraha.

"Nani kafa?" akauliza.

"Binti wa Bi Kinyongo."

"Ana binti? Tangu lini?"

"Tangu juzi. Ili watu waelewe kwa nini ni mkali."

Akajiinua kwenye mto. "Mwalimu, watu wamesema sana kwamba mimi ni mkali kwa sababu mume wangu aliondoka. Mume wangu aliondoka kwa sababu mimi ni mkali. Wapangie vizuri hao watoto, kipi kilitangulia. Mimi sina jeraha. Baba yangu alinipenda, mama yangu alinipenda, nimeuza samaki wazuri maisha yangu yote. Sipendi ujinga tu. Mbona mpole hamumuulizi amepatwa na nini?"

Mimi ndiye mpole mwenyewe, na hakuna aliyewahi kuniuliza.

Nikarudi nikawaambia sitalia. Brayan akasema kwa adabu nyingi kwamba anaheshimu hisia zangu. Otmari akanifuata nje, karibu na mashine, tukawa tunazungumza kwa kupaza sauti huku pumba zikituangukia kichwani.

"Mwalimu, wakituacha hatuna studio."

"Na tukiwafuata hatuna Bi Kinyongo."

"Zuhura ana mama yake. Mimi nina watoto. Nisaidie, Mwalimu."

Nilimfundisha kufunga vifungo vya shati, yule. Tukakubaliana nirekodi mara mbili, moja yao na moja yangu, kisha wachague. Ya kwao nililia. Nililia vizuri sana, nimefundisha watoto wadogo, najua kilio kinaanzia wapi. Brayan alifuta macho. Kisha nikaomba vitunguu vyangu, nikarekodi ya pili, aliyoiandika Zuhura akiwa amesimama, kwa kalamu ya kuazima. Tunu anapiga magoti na kusema, "Bibi, sasa najua una uchungu moyoni." Bi Kinyongo anamjibu, "Sina uchungu. Nina wateja. Inuka, unawazuia."

Zuhura alicheka mpaka akatoka nje. Brayan akasema hiyo ni ya kuchekesha, ila haina safari ya kihisia. Wakachagua kilio.

Gemu ya nne ikatoka, na kampuni ikatoa picha ya Brayan akitabasamu. Nikavuka tena kwenda Lupiro. Nilitaka asikie kwangu kabla ya kusikia kwa wengine. Hali yake ilikuwa imebadilika, anavuta pumzi kama mtu anayepanda mlima. Binti yake akashika simu karibu na sikio la mama. Tukamsikia Bi Kinyongo akilia, akiomba radhi kwa maneno yake yote, neno kwa neno, kwa sauti yangu.

Skolastika akasikiliza mpaka mwisho, kama alivyosikiliza siku zote.

"Huyu ni nani?" akauliza.

Binti yake akadhani amepotewa na fahamu. "Mama, ni Bi Kinyongo. Ni Mwalimu."

"Simjui huyu."

Nimesahihishwa na watu wengi katika kazi hii. Hakuna neno lililowahi kuniingia vile. Nikaketi kwenye ukingo wa kitanda, nikatafuta kitu cha kushika, nikaona karanga kwenye kibakuli, nikaanza kumenya. Nikamfanyia ile ya pili pale pale, ya Tunu na yangu, sauti zote mbili. Nilipofika "Inuka, unawazuia," akafumba macho. Nikadhani amelala.

"Hiyo ndiyo mngeiuza," akasema. "Na hizo karanga za wagonjwa, usizimalize."

Wachezaji nao hawakufurahi. Walilalamika mtandaoni kwamba bibi yao ameharibiwa. Wengine walikataa kufika mwisho wa gemu, wakabaki wanazunguka dukani ili asife. Kampuni ikaanza kuuliza kama tulikuwa na toleo jingine. Tulikuwa nalo. Brayan akaandika kwamba yeye tangu mwanzo alikuwa na shaka na kile kilio. Toleo la pili likawekwa, na ndilo mnalolisikia leo. Ila siku lilipowekwa mimi sikuwa studio. Skolastika alikuwa amefariki alfajiri ya siku hiyo, na tulikuwa njiani kwenda Lupiro, wauza samaki wote wa soko, tumejazana kwenye gari la mpunga.

Msiba ulikuwa na watu wengi kuliko nilivyotarajia. Ilipofika saa ya kusoma wasifu, akasimama Fulgensi, mtoto wa kaka yake, anayefanya kazi Morogoro, amevaa suti. Akasoma vizuri. Alizaliwa, alibatizwa, aliolewa, alifanya biashara. Kisha akasema, "Marehemu alikuwa mpole, mcheshi, mtu wa watu. Hakuwahi kugombana na mtu yeyote."

Wauza samaki wakatazama chini. Padri akatazama mbali.

Wakaniita niseme neno la marafiki wa Ifakara. Nikasimama. "Tumsifu Yesu Kristo," nikasema, wakaitikia, "Milele, amina." Nilikuwa nimejiandaa kusema maneno mazuri, ya kawaida, kwa sauti yangu ya kanisani. Hayakutoka. Mikono yangu ikaanza kuukunja mtandio na kuukunjua, kuukunja na kuukunjua, na sauti ikashuka yenyewe. Watu wa nyuma wakasogea ili wasikie.

"Nimemsikiliza msomaji," nikasema. "Nilitaka kuondoka, nikadhani nimekosea msiba. Huyo mpole aliyesomwa hapa simjui, na kama yumo humo ndani, basi mmechukua mtu mwingine mochwari. Mimi nimekuja kumzika Skolastika. Skolastika aliniambia nina sauti ya mtu anayeomba ruhusa ya kupumua. Aliniambia hivyo mbele ya wateja, na alikuwa sahihi, na nimekula kwa neno hilo mpaka leo. Kama kuna mtu hapa hajawahi kusemwa na Skolastika, basi hakujuana naye, arudi kwao apumzike."

Sijawahi kusikia kimya kama kile, hata kabatini. Nikafikiri, sasa umejiharibia, Gaudensia, uzee huu wote. Nikaona Fulgensi anaikunja karatasi yake mara nyingi.

Ndipo Mama Rozi, aliyekuwa akiuza dagaa meza ya pili kutoka kwa marehemu, akatoa sauti ambayo sikujua kama ni kicheko au kilio. "Mimi aliniambia dagaa wangu wamekauka kwa kunisikiliza!" akasema, machozi yanamtiririka. Mwingine akadakia, "Mimi aliniambia mizani yangu ina huruma na mimi tu!" Mzee mmoja wa Lupiro, mvuvi, akasimama kwa fimbo akasema aliambiwa samaki wake wanaingia wavuni kwa kumwonea aibu. Yakatoka kila upande, watu wananyoosha mikono kama darasani, kila mmoja na lake, wamejivuna kana kwamba wanasoma vyeti. Padri aliambiwa kwamba mahubiri yake yanaozesha samaki. Alisema hilo mwenyewe, na alisubiri zamu yake.

Mwisho Fulgensi akanijia, macho mekundu. "Mwalimu," akasema, "mimi nilipopata kazi Morogoro aliniambia hongera, wamekosa watu."

Tukamshika mkono binti wa marehemu.

Tukaenda kaburini. Vijana walipoanza kushusha jeneza, upande wa miguuni ukatangulia. Mama Rozi, bado analia, akawaambia taratibu, bila kupaza sauti, kwamba kama wameshindwa kushika kamba waseme, wapo wanawake hapa wanaobeba matenga tangu hawajazaliwa. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Vijana wakarudisha juu, wakasawazisha, wakaanza upya.